Vyumba vya kumbukumbu Kisumu vinahitaji ukavu, si baridi

Kwako Mhariri,

Wiki iliyopita nilihudhuria kikao cha kutoa maoni kuhusu ukarabati wa chumba kimoja cha umma hapa Kisumu, ambamo zimehifadhiwa kumbukumbu za tangu enzi ya ukoloni pamoja na vifaa kadhaa vya jadi. Karatasi ya makadirio tuliyogawiwa ilianza na viyoyozi vinane. Paa lilikuwa mstari wa kumi na moja, na mifereji ya kukinga maji ya mvua haikutajwa popote. Nilinyoosha mkono nikapewa dakika mbili, ambazo hazikunitosha hata kueleza kwa nini orodha ile ilikuwa imewekwa kichwa chini miguu juu. Ndiyo maana naomba nafasi katika ukurasa wako.

Nilitunza kumbukumbu kwa miaka 26 kabla ya kustaafu, katika ofisi ambayo sitaitaja kwa kuwa waliokuwa wakubwa wangu walifanya walichoamini kuwa ni chema. Tulipofungiwa viyoyozi viwili tulishangilia, na nakiri kuwa mimi ndiye niliyeshangilia zaidi, kwa sababu meza yangu ilikuwa chini ya mabati yasiyo na dari. Kila Ijumaa saa kumi na moja jioni mlinzi alivizima ili kuokoa gharama, na kila Jumatatu asubuhi tukaviwasha tena. Mwezi wa Aprili, mvua za masika zilipokuwa zimekolea, nilivuta rafuni rejista moja ya kodi ya nyumba. Jalada lake la ngozi lilikuwa limeota manyoya ya kijivu, mafupi na laini kama ya kifaranga aliyeanguliwa siku hiyo. Nilipolipitisha kidole, kidole kilirudi na unyevu na harufu ya gunia lililosahaulika mvuani. Kurasa za katikati zilikuwa zimeshikana, na wino wa jina la mlipa kodi ulikuwa umehamia ukurasa wa pili ukaandika jina lile lile kinyumenyume. Tulipolisogeza kabati la chuma lililokuwa limeegemea ukuta, mgongoni mwake kulikuwa na matone ya maji yaliyojipanga kama jasho.

Tulimwita fundi wa paa. Alipanda, akagongagonga, akashuka na kutuambia kwamba mabati hayavuji hata tone. Maji yale yalitoka hewani, na sisi wenyewe ndio tuliokuwa tumeyaalika.

Naomba msomaji anivumilie nieleze jambo hili kwa hesabu kidogo, maana bila hesabu hubaki kuwa imani dhidi ya imani. Hewa hubeba mvuke wa maji, na kadiri inavyopata joto ndivyo uwezo wake wa kubeba unavyoongezeka. Tunaposema unyevu wa hewa ni asilimia 60, tunamaanisha kwamba hewa imebeba sehemu 60 kati ya 100 za mvuke ambao ingeweza kuubeba kwenye joto hilo. Sasa chukua hewa ya alasiri ya kawaida hapa mjini, nyuzi 28 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 60, uipoze mpaka nyuzi 20 bila kuiondolea maji. Unyevu wake utapanda hadi asilimia 97 hivi. Maji hayajaongezeka, ila mfuko umepungua. Hewa hiyo ikigusa ukuta au chuma chenye nyuzi 18, itaacha umande juu yake. Kiyoyozi kizuri huondoa sehemu ya maji yale kinapofanya kazi, lakini kikiwa kikubwa kuliko chumba hupoza haraka, hujizima kabla ya kukausha, na feni yake huyapuliza tena chumbani maji yaliyokuwa bado yameng'ang'ania kwenye mabomba yake. Na kikizimwa Ijumaa jioni, au umeme ukipotea kama unavyopotea mvua inyeshapo, hewa ya nje yenye unyevu huingia kwa nyufa za milango na kukuta vitabu, makabati na kuta vingali baridi. Huo ndio wakati kuvu hupata karamu.

Kuvu haina haja na baridi wala joto letu. Inataka maji. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 65, mara nyingi haioti. Ukipita asilimia 75 kwa siku kadhaa mfululizo, huota upesi, hasa mahali ambapo hewa haitembei. Kwa chumba cha kumbukumbu cha Kisumu, basi, swali la kwanza ni namna ya kukaa chini ya mpaka huo mwaka mzima bila kutegemea mashine isiyozimwa kamwe, na si chumba kiwe na baridi kiasi gani.

Najua nitajibiwa kwamba kuna kiwango cha kimataifa cha nyuzi 20 na unyevu wa asilimia 50, na kwamba kiwango hicho hakifikiki bila viyoyozi. Inafaa tukumbuke kilikotoka. Mwaka 1941 michoro ya Jumba la Sanaa la Taifa la London ilifichwa ndani ya machimbo ya mawe huko Manod, Wales, ili kuepuka mabomu ya Wajerumani. Ndani ya pango lile lenye baridi na unyevu mwingi walijenga vyumba vya matofali wakavipasha joto ili kuikausha hewa, na watunzaji wakaona kwamba mbao na rangi zilitulia kuliko zilivyowahi kutulia mjini. Funzo lilikuwa utulivu wa hewa. Baada ya vita funzo hilo lilibanwa likawa tarakimu mbili zinazofaa majengo yenye mitambo mikubwa katika nchi za baridi, na tarakimu hizo zikatufikia huku kana kwamba ni sheria ya maumbile. Wenyewe wamekwisha kulegeza kamba. Mwaka 2014 kundi la wakurugenzi wa majumba makubwa ya makumbusho, linaloitwa Bizot, lilikubali kwamba vitu vingi vinaweza kukaa salama kati ya asilimia 40 na 60 na kati ya nyuzi 16 na 25. Mwaka huo huo jumuiya mbili kuu za wahifadhi duniani zilitamka kwamba masharti ya hewa yawe yale yanayoweza kufikiwa katika hali ya hewa ya mahali penyewe. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Ulaya ilikuwa imetoa kanuni inayosema kwamba kitu cha mbao au ngozi kitunzwe karibu na hewa kilichoizoea kwa miaka mingi, mradi hakijaharibika humo.

Kanuni hii ya mwisho ndiyo inayotuhusu zaidi. Kigoda kilichochongwa Siaya na kukaliwa miaka 80 kando ya ziwa kimezoea unyevu wa asilimia 60 na zaidi. Ukikiingiza katika chumba cha asilimia 45 kitasinyaa na kupasuka, kisha mtu ataandika katika ripoti kwamba kilipasuka kwa uzee.

Wapigaji ngoma wa Isukha na Idakho kule Kakamega wanalijua jambo hili bila kipimo. Isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kuokolewa kwa haraka, haipigwi asubuhi ya mvua kabla ya kuoteshwa moto. Ngozi iliyokunywa unyevu hulegea na kutoa sauti ya debe. Ikikaribishwa kwenye makaa hukazika na kulia. Mpiga nyatiti naye huangalia ngozi ya ala yake vivyo hivyo. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuipeleka ngoma penye baridi ili aikaushe. Hesabu inawaunga mkono: hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 75 ikipashwa joto hadi nyuzi 27 tu, unyevu wake hushuka hadi asilimia 63, na kuvu hukosa mahali pa kuanzia.

Sitaki nionekane nauza dawa isiyo na uchungu. Karatasi huzeeka haraka zaidi kwenye joto, na wahifadhi hukadiria kwamba kila nyuzi tano zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Anayepasha chumba joto anakopa miaka ya karatasi ili aiokoe na kuvu. Lakini mkopo huo huchukuliwa katika majuma machache ya mvua tu, na karatasi iliyozeeka kidogo bado husomeka, ilhali iliyoliwa na kuvu haisomeki tena.

Njia ya kati ipo na imejaribiwa katika nchi za joto. Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani ilifanya majaribio kwa miaka kadhaa, mojawapo likiwa katika Makumbusho ya Emílio Goeldi mjini Belém, Brazili, mji ulio karibu na ikweta kama huu wetu. Kiini cha mfumo wao ni vipimo viwili, kimoja ndani na kingine nje. Hewa ya nje ikiwa kavu kuliko ya ndani, feni huiingiza. Ikiwa na maji zaidi, feni husimama, na mashine ya kukausha hewa au kipasha joto kidogo hushika zamu. Lengo lao halikuwa asilimia 50 bali kukaa chini ya asilimia 75 bila kupandisha bili.

Hapa pana mtego ambao mimi mwenyewe niliuingia kwa miaka mingi. Nilikuwa nikifungua madirisha kila alasiri kwa kuwa kipimo cha nje kilisoma asilimia 60 na cha ndani 65, nikidhani nakaribisha ukavu. Sivyo. Hewa ya nje yenye nyuzi 28 na asilimia 60 hubeba gramu 16 hivi za maji kwa kila mita ya ujazo, na ile ya ndani yenye nyuzi 24 na asilimia 65 hubeba 14 tu. Hewa ya nje ilipoingia na kupoa ilifika asilimia 76. Nilikuwa nikiingiza maji chumbani kwa mikono yangu, tena kwa bidii. Ndiyo sababu feni lazima ioneshwe njia na kipimo kinacholinganisha maji yenyewe, na si asilimia tupu. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuundwa na fundi wa elektroniki yeyote makini.

Na maji mengine hayapiti hata dirishani. Chumba cha mita 10 kwa 7, chenye kimo cha mita 3, kikiwa na nyuzi 24, hewa yake yote haiwezi kubeba mvuke unaozidi lita 4.6 hivi. Katika ofisi yetu sakafu ilipigwa deki kila asubuhi kwa ndoo mbili za lita 20, madirisha yakiwa yamefungwa ili vumbi lisiingie. Mama aliyeifanya kazi hiyo alisifiwa kwa usafi, na alistahili sifa. Hakuna aliyemwambia kwamba chumba cha kumbukumbu hufagiliwa kwa brashi laini au kufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa kikakauka. Ushauri huo haugharimu kitu, na sijawahi kuuona katika zabuni yoyote.

Kuhusu gharama, naomba makarani wa bajeti wachukue kalamu. Kiyoyozi kinachovuta kilowati 1.5, hata tukisema kompresa yake inafanya kazi nusu ya muda tu, hula uniti 540 kwa mwezi. Vinane ni uniti 4,320, mwezi baada ya mwezi, pamoja na matengenezo na gesi. Feni mbili za wati 60 zikizunguka mwezi mzima bila kupumzika hazifiki uniti 90, na mashine ndogo ya kukausha hewa ya wati 300 ikifanya kazi saa nane kwa siku hula uniti 72. Mizigo midogo kama hii inaweza kubebwa na paneli chache za sola, na jua la Kisumu halijawahi kutunyima. Kuna waliosema kikaoni kwamba umeme wetu ni safi kwa kuwa sehemu kubwa hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, kwa hiyo hauna madhara. Umeme safi nao huja na bili, na bili isipolipwa tunarudi kwenye Ijumaa ile ya mlinzi na swichi.

Kabla ya mashine yoyote kuna jengo lenyewe. Mwaka 1971 mji wa Köln, Ujerumani, ulijenga hifadhi yake ya nyaraka kwa kuta nene za matofali zilizopakwa lipu ya chokaa, ili ukuta ule ubebe kazi ya kutuliza joto na unyevu. Mfano huo ulisifiwa na kuigwa. Jengo liliporomoka mwaka 2009 kwa sababu ya uchimbaji wa reli ya chini ya ardhi jirani yake, na naitaja ajali hiyo mapema ili asije mtu akasema kuta nene ndizo zilizoliangusha. Kule Vejle, Denmark, kuna ghala la makumbusho kadhaa lililojengwa kwa fikra hiyo hiyo, sakafu yake ikiachwa iguse joto la ardhi na hewa ikikaushwa kidogo tu inapolazimu. Sisi hatuna haja ya kwenda Ulaya kuuona ukuta wa namna hiyo. Nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, ambayo mfano wake umo katika boma la Kijaluo lililojengwa ndani ya Makavazi ya Kisumu, hunywa unyevu usiku na kuutoa mchana, na anayeingia humo saa nane alasiri huhisi tofauti kabla hajaketi. Udongo usiochomwa hufyonza mvuke vizuri kuliko tofali lililochomwa, na saruji iliyopakwa rangi ya mafuta haifyonzi karibu chochote. Lipu ya udongo au chokaa kwenye kuta za ndani, dari chini ya mabati, mabati yaliyopakwa rangi nyeupe, upenu mpana na mifereji isiyoziba: hivi ndivyo ningeviweka katika mistari ya kwanza ya yale makadirio.

Kisha masanduku. Karatasi iliyofungwa ndani ya sanduku la kadibodi isiyo na asidi, sanduku likiwa limejaa vizuri, hujitengenezea hewa yake. Unyevu wa chumba unaweza kupanda na kushuka kutwa nzima na ndani ya sanduku pasihisiwe lolote. Rafu zisogezwe kutoka ukuta wa nje upana wa kiganja, na ya chini kabisa iinuliwe ili hewa ipite. Mchwa pia huonekana mapema penye nafasi.

Viyoyozi vina mahali pake, sikatai. Negativu za zamani na filamu za asetati huoza zenyewe zikitoa harufu ya siki, na joto huzidisha uozo huo. Hizo zinahitaji baridi ya kweli. Lakini katika chumba tulichokuwa tukikijadili vitu hivyo vinatosha kabati moja. Chumba kidogo kilichozibwa vizuri, au hata friji ya kawaida yenye mifuko isiyopitisha hewa, kingevitosha, badala ya kupoza ukumbi mzima kwa ajili ya masanduku manne.

Pia tusinakili orodha ya Kisumu tukaipeleka kila mahali. Makavazi ya Kitale, yaliyoanzishwa na mlowezi Stoneham mwaka 1926 na kuwa ya umma mwaka 1974, na yale ya Hyrax Hill kule Nakuru, yaliyomo katika iliyokuwa nyumba ya mkulima, yapo juu zaidi kuliko sisi na usiku wao ni wa baridi. Huko shida inaweza kuwa tofauti ya usiku na mchana, na dawa yake si ya hapa ziwani.

Ombi langu kwa wanaoshika fungu hili ni moja, na bei yake ni ndogo kuliko ya kiyoyozi kimoja. Wanunue vipimo vitano vinavyojiandikia joto na unyevu kila saa, wavitundike katika pembe nne za chumba na kimoja nje, waviache kwa miezi kumi na miwili ili vipitie masika, kiangazi na vuli, kisha wayabandike matokeo mahali ambapo umma unaweza kuyasoma. Zabuni itangazwe baada ya hapo. Wakihitaji mtu wa kuvisoma vipimo kila wiki, mimi niko nyumbani, na asubuhi zangu sina kazi.

Wako mwaminifu,
Mtunza kumbukumbu mstaafu,
Kisumu